Koni, Kasha na Sikio la Kushoto

Tangu nistaafu, ninyi vijana wangu wa gereji mmenigeuza kitabu cha maswali. Niko shambani nachuma sukuma wiki, simu inalia: "Mama Nafula, kuna mteja ako na turbo, anataka intake. Tumuwekee koni ama tuache ile ya kampuni?" Nikijibu kwa kifupi mnasema nimekuwa mkali. Nikijibu kwa urefu mnasema chaji inaisha. Basi nimechukua daftari la mjukuu wangu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, niandike mara moja msome wenyewe. Sitawaeleza nilivyopandishwa cheo, kwa sababu pale kwetu cheo ni kupewa ufunguo wa stoo, na mimi nilipewa kwa kuwa aliyeushika kabla yangu aliupoteza mara mbili. Nitawaeleza habari za hiyo intake, hewa inavyoingia kwenye injini, na kosa moja nililofanya ambalo bado linanichoma.

Nilitoka Bungoma nikiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, na cheti cha ufundi ambacho hakuna aliyewahi kuomba kukiona. Mjomba wangu alikuwa mpishi katika shamba moja la kahawa karibu na Ruiru, akaniombea kazi kwenye karakana ya matrekta. Mkubwa wa karakana aliitwa Mzee Mbugua. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia nimeleta spana.

"Haya," akasema. "Fungua hiyo air cleaner tuone."

Trekta za zamani zilichuja hewa kwa bakuli la mafuta. Hewa inapita juu ya mafuta, vumbi linanasa, hewa safi inaendelea kwenda kwenye injini. Nilipofungua bakuli nilikuta tope jekundu zito, kijiko kingesimama. Nilidhani trekta imeharibika.

"Hiyo ni shamba trekta imekula wiki hii," Mzee Mbugua akaniambia. "Bila hiyo bakuli, ingekula na pistoni. Sikiza, msichana. Mafuta watu wananunua, kwa hivyo wanaangalia. Hewa ni ya bure, hakuna mtu anaiangalia. Wewe utaangalia hewa."

Alikuwa na leso nyeupe ambayo mkewe aliipiga pasi kila asubuhi. Ukimaliza kusafisha chujio na trekta ikishafanya kazi siku nzima, yeye huja, anafungua bomba lililo nyuma ya chujio, anaipitisha leso ndani, kisha anaitandaza mbele yako. Ikitoka nyeupe, anaondoka. Ikitoka nyekundu, vumbi limepita, na unaanza upya. Wiki yangu ya kwanza ilitoka nyekundu mara tatu. Hakunigombeza hata siku moja. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaenda nayo nyumbani, na kesho yake akaniambia: "Mama watoto anakusalimia. Anauliza utajifunza lini."

Nilimpenda yule mzee. Nasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia. Alipostaafu tulimchinjia mbuzi, akala, akaosha mikono, akaondoka kabla ya hotuba. Nami nikahamia Thika, kwenye gereji yetu hii ya upande wa Makongeni, nikakaa mpaka mwaka huu.

Hapo ndipo yakaja magari ya turbo, yenye feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Jina la kampuni sitalitaja. Ukiwahi kusimama kando ya Thika Road unalijua kwa mlio, na ukiwahi kupanga chumba jirani na mwenye nalo unalijua kwa matusi. Gari likitoka kiwandani, hewa yake hupitia kasha jeusi la plastiki lililofunikwa vizuri, na ndani ya kasha mna chujio bapa. Halipendezi na halina kelele. Wapenda mbio hulitoa kasha zima, wakaweka bomba la alumini linalong'aa na chujio la umbo la koni, wazi kabisa chini ya boneti. Gari linaanza kuvuta pumzi kwa sauti, na mwenye gari anaanza kuendesha akiwa ameteremsha vioo.

Kesi iliyonifunza adabu ya koni ilikuwa ya kijana wa Kiganjo, tuseme anaitwa Brayo. Nilimwonya mapema. Akacheka: "Mathee, tulia, hii ni stage one tu, kuongeza nguvu kidogo." Akaenda kufungiwa kwingine. Baada ya miezi michache alirudi amevutwa kwa kamba.

"Mathee, niaje. Inakohoa tu, halafu ikazima."

Nilifungua. Koni yake ilikuwa ya pamba, aina inayopakwa mafuta kidogo ili inase vumbi, na Brayo kwa upendo wake alikuwa ameimwagia mafuta mengi. Mafuta yalivutwa na hewa yakaenda kuganda kwenye sensa, kile kidude kinachopima hewa ili injini ijue imwage petroli kiasi gani. Tena bomba lake lilikuwa pana kuliko la kampuni, kwa hiyo sensa ilikuwa inadanganywa mara mbili. Injini ilipata hewa nyingi na petroli kidogo, ikachemka. Nilipitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, kikatoka na udongo wa Kiganjo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu la Brayo lilikuwa pistoni ya tatu.

Nilimhurumia, lakini nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kidogo. Siku hiyo nikajiwekea sheria: gari linaloishi kwenye barabara ya vumbi halitafungwa koni na mkono wangu. Sheria ilikuwa nzuri. Ubaya wake ni kwamba ukishakuwa na sheria unaacha kuuliza watu maswali.

Ilibaki kama miaka miwili nistaafu alipokuja Baba Njeri.

Alikuja na mkewe, kwenye gari la turbo la buluu lililotunzwa vizuri hata mazulia yake yalikuwa na mazulia. Wote wawili walikuwa wamestaafu kutoka kiwanda cha nguo, walikofanya kazi kwenye mashine za kufuma tangu ujana wao, na huko ndiko walikooana. Siku hiyo kompresa yetu ilikuwa inanguruma, mnaijua ilivyo, mimi nampigia kelele fundi aliye hatua mbili kutoka kwangu na hanisikii. Wao walikuwa wanaongea. Mama Njeri amesimama kwenye lango, Baba Njeri kando ya gari, wanachezesha midomo bila sauti na vidole viwili vitatu, wanachekeana. Nikamuuliza Mama Njeri baadaye, akaniambia wafumaji wote wa zamani huongea hivyo, kwa sababu ndani ya kiwanda hakuna sauti ya mtu inayoweza kushinda mashine.

Baba Njeri alikuwa amepakata boksi. Alilifungua juu ya meza yangu taratibu. Ndani mlikuwa na koni nyekundu, mpya, na bomba lake.

"Fundi, hii ndio nataka," akasema kwa sauti kubwa, ile ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe. "Nilikuwa nasimama kwa gate ya kiwanda tukitoka shift, hizi gari zinapita. Nikajiambia, siku moja. Sasa siku imefika, na masikio inaenda. Daktari amesema ya kulia imeisha. Ya kushoto imebaki kidogo, na haitangoja sana. Mashine zilinipa kelele miaka yote hiyo na sikuwa nimeziomba. Nataka mlio mmoja yenye nimechagua mwenyewe."

Ninyi mngefanya nini? Mimi niliitazama ile koni, nikayatazama magurudumu ya gari, mekundu kwa vumbi, nikauliza anaishi wapi. Akasema Kiganjo, ndani kabisa, lami ilikoishia. Kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia aniachie gari mpaka alasiri. Nikachukua chujio bapa jipya, zuri, kavu, lisilopakwa mafuta, nikaliweka ndani ya kasha lilelile la kampuni. Koni yake nikairudisha kwenye boksi. Alipokuja nikamwambia ile koni haiendani na barabara yake, lakini hili chujio nililoweka ni la mbio, mlio umebadilika, akikanyaga atasikia turbo inavuta.

Ulikuwa uongo. Chujio bapa ndani ya kasha lililofunikwa halibadilishi mlio kwa sikio la mtu yeyote, hata la mbwa. Lakini mnajua sisi mafundi tulivyo. Mteja akilipia kitu kisichoonekana, tunamwambia aende akajaribu, ataona tofauti, naye kwa kuwa anatuamini huiona. Nilikuwa nimewaambia hivyo watu wengi, wakaondoka wakitabasamu. Baba Njeri alinishukuru kwa mikono miwili.

Wiki tatu baadaye walirudi. Safari hii Mama Njeri ndiye aliyetangulia, na hakunisalimia. Baba Njeri alinisalimia kwa heshima zake zote, akauliza habari ya nyumbani, habari ya watoto. Kisha akavua kofia.

"Fundi, sikuja kulalamika. Kazi ulifanya vizuri, najua. Ni vile sisikii. Nimekanyaga, nimekanyaga tena, nimefika mpaka Ruiru na kurudi nikikanyaga. Sisikii hiyo kitu ulisema. Nafikiri hata hii ya kushoto imeenda. Nilikuwa nataka tu uingie, uniambie mlio iko namna gani. Unielezee kwa mdomo, nitakuangalia."

Nilishikilia meza. Miaka yote ile kazini nimechomwa na rejeta, nimeangukiwa na jeki, lakini sijawahi kuumia vile. Mkewe ndiye aliyeendelea, akiongea na mimi huku amempa mumewe mgongo ili asione midomo yake.

"Ameacha kwaya ya kanisa," akasema. "Amesema hawezi kuharibia watu wimbo. Juzi alipigia dada yake wa Murang'a simu, akakaa tu anamsikiliza, yeye haongei. Dada anauliza, uko hapo? Uko hapo? Alikuwa anamuaga. Anafikiri ni mara ya mwisho kusikia sauti yake."

Ningeweza kujitetea. Ningeweza kusema labda ni upepo, labda ni vioo. Mficha uchi hazai, nikazunguka meza, nikasimama mbele ya Baba Njeri mahali pa mwangaza, nikamwambia taratibu asome vizuri: "Baba Njeri, masikio yako hayana makosa. Hakuna mlio. Nilikudanganya."

"Sema tena."

"Hakuna mlio wowote kwa hiyo gari. Hata mimi siwezi kusikia. Nilikuwekea ile nilitaka mimi, nikakudanganya ndio uende."

Alinitazama midomo hata baada ya mimi kunyamaza. Kisha akamgeukia mkewe, akamwambia kitu kwa vidole, na Mama Njeri akaketi juu ya tairi kuukuu, akajifunika uso kwa leso. Nililia pia, mbele ya mafundi wote, na mnaokumbuka siku hiyo mnajua sikusingizia vitunguu.

"Fundi," Baba Njeri akasema, "ungeniharibia gari, ningekusamehe haraka." Akavaa kofia. "Sasa weka koni."

Ilikuwa haki yake. Nikaenda stoo kutafuta klipu, na Mama Njeri akanifuata huko ndani. Akafunga mlango.

"Usiweke," akasema.

"Mama, nimeshamkosea mara moja."

"Najua. Lakini sikiza. Nyumbani ananiangalia mdomo, hatuna shida, tunaongea hata na stima ikipotea, na tochi. Kwa gari anaangalia barabara. Hawezi kunitazama. Kwa gari niko na sauti peke yake. Na sikio imebaki ni gani? Ya kushoto. Na mimi nakaa wapi? Kushoto." Alijigonga kifua kidogo. "Hiyo sikio ni yangu, Mama Nafula. Ukiijaza kelele, mimi nitabaki naongea na dashboard. Mwambie koni imeharibika. Mwambie chochote."

Nilimwelewa. Lakini uongo wa pili ungenitokea puani.

"Siwezi kumficha kitu tena," nikasema. "Mwambie wewe. Mwambie vile umeniambia."

Akaniambia hajawahi kumwambia, kwa sababu yule mume hakuwahi kuomba kitu chochote maishani isipokuwa gari hilo na mlio wake, na yeye hataki kuwa mtu wa kumnyang'anya. Kisha akatoka. Akasimama upande wa pili wa boneti, akaongea bila sauti, kwa midomo na mikono. Sikujua amesema nini, na halikunihusu. Niliona tu Baba Njeri ameweka kiganja juu ya gari, anamtazama. Mwishowe akanigeukia.

"Fundi, hakuna ingine? Katikati ya hii na ile?"

Swali hilo ningepaswa kujiuliza mimi siku ya kwanza. Nikamwomba anipe siku hiyo nzima na mkewe. Akaketi kwenye benchi na chai na andazi, akawa analinda koni yake.

Vijana, hapa ndipo mtoe kalamu. Nilianza na koni. Nililiacha bomba la kampuni, lile lenye sensa, ili vipimo visidanganyike, nikafunga koni mbele yake kwa mpira na klipu. Mama Njeri akaketi kushoto, mimi nikashika usukani, tukatoka kwa barabara ya Garissa. Nilipofika themanini nikamwambia aongee kwa sauti yake ya kawaida, aseme chochote. Kwa kuwa mtu akiambiwa aseme chochote hukosa la kusema, akaanza Baba Yetu. Koni haipigi kelele ukikanyaga tu, huvuma wakati wote. Nilimsikia mpaka "mbinguni", kisha nikasikia upepo hadi mwisho. Nami nina masikio mawili mazima. Tulirudi, nikamwonyesha Baba Njeri kwa vidole mkewe alifika wapi katika sala, akainamisha kichwa.

Kuna aina nyingine ambayo koni hushushwa chini kabisa, karibu na gurudumu la mbele, ivute hewa baridi. Hiyo sikuijaribu hata. Mvua ikinyesha Kiganjo barabara inakuwa mto, na injini inayovuta maji haivuti tena kitu kingine. Ukiishi gorofani na kuendesha kwenye lami tupu, weka. Ukiishi duniani, fikiria mara mbili.

Mchana nilikaa mbele ya gari bila kulifanya kitu. Nililifuata tu bomba kwa mkono, kuanzia turbo kurudi nyuma, kupita kasha, hadi mahali hewa inapoingilia. Huko mbele, ndani ya fenda, lile bati linalofunika gurudumu, kampuni imeficha kibuyu cha plastiki. Hakichuji kitu. Kazi yake ni kumeza mlio ili mabwana wa maofisini wasisumbuke. Nilikuwa nimefungua fenda kama hizo mara nyingi nikakiona, nikakirudisha, bila kufikiri kwamba siku moja mtu angehitaji kile kinachomezwa. Nikakitoa. Kasha likabaki, chujio kavu likabaki, sensa haikuguswa, na mdomo wa kasha uko juu, mbali na maji.

Tukatoka tena na Mama Njeri. Kwa themanini mguu ukiwa umetulia, alisema Baba Yetu mpaka Amina, nami nikaitikia Amina. Kisha nikakanyaga. Turbo ikavuta pumzi ndefu, nene, kutoka upande wa mbele, tukasukumwa nyuma kwenye viti.

"Haiya!" akasema Mama Njeri, akashika mshipi. Kisha akasema, "Fanya tena."

Haikuwa na makelele ya koni, na sikumficha mumewe hilo. Tuliporudi nilisimama mbele yake nikamweleza yote matatu, uzuri na ubaya wa kila moja, nikamwambia safari hii anachagua yeye na nitafunga atakachosema hata kama ni koni. Nikamwambia pia kwamba sikio lake likipungua zaidi, huenda mlio huu mdogo ukawa wa kwanza kupotea. Aliyafikiria hayo. Akasema basi wausikilize haraka.

Kuhusu vumbi, ili msinipigie simu: mwezi mmoja baadaye nilipitisha kitambaa ndani ya bomba, kikatoka cheupe. Na kuhusu koni ama kasha, jibu langu ndilo hili. Msianze na koni wala kasha. Ulizeni gari linalala wapi, linapita barabara gani, na mwenyewe anatafuta nini kwalo. Halafu fungueni mlango, mwangalie ndani anakaa nani, na upande gani. Mimi nilijifunza swali hilo la mwisho nikiwa na mvi, na sikupenda namna nilivyojifunza.

Jioni ya siku ile ya majaribio, jua bado liko juu, Baba Njeri alilitoa gari mwenyewe. Mkewe alikaa mahali pake. Mimi nilikaa nyuma katikati, kwa sababu aliniambia kama nimedanganya tena anataka nishuke mbali. Alikwenda polepole mpaka tukapita Makongeni yote, mikono yote miwili kwenye usukani. Barabara ilipofunguka akashusha pumzi. Akakanyaga.

Niliona kwenye kioo. Kwanza uso haukuwa na kitu. Kisha akakigeuza kichwa kidogo, sikio la kushoto likatangulia mbele, na mdomo ukafunguka. Hakucheka wala hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ndio hiyo." Akakanyaga tena. "Ndio hiyo. Mama, ndio hiyo." Sikuweza kuangalia kioo tena, nikaangalia mananasi ya watu nje ya dirisha.

Tulikuwa tunarudi, naye ameshaanza kuizoea raha yake, anakanyaga kila tunapopata nafasi. Mama Njeri akanyoosha mkono, akamgusa kiwiko. Alikigusa tu. Na mguu wa Baba Njeri ukaondoka kwenye mafuta papo hapo, turbo ikatulia, gari likawa linateleza kimya kwenye lami, naye akaliinamisha kwake lile sikio huku macho yako barabarani.

Mama Njeri akasogeza midomo mpaka sikioni, akamwambia kitu. Mimi nilikuwa katikati ya viti vyao, na masikio yangu mazima, na sikulisikia hata neno moja. Yeye alilisikia. Alicheka mpaka ikabidi apunguze mwendo.